Nani Amwulize Mwendesha Mashtaka?

Mjadala kuhusu kazi na muundo wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka

Katika kesi ya jinai Tanzania Bara, upande unaoshtaki una jina moja tu: Jamhuri. Anayesimama mahakamani kwa jina hilo ni Wakili wa Serikali, na aliye juu yake ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wengi tunamwita DPP. Ofisi yake ndiyo inayoamua nani apandishwe kizimbani, kwa kosa gani, na kesi ipi iishie njiani. Hakimu husikiliza kile kilicholetwa mbele yake. Kabla haki haijafika kwa hakimu, kwa hiyo, imeshapita mikononi mwa mwendesha mashtaka.

Hoja iliyo mezani ni hii: je, uhuru aliopewa Mkurugenzi wa Mashtaka unatosha kama ulivyo, au lazima uambatane na wajibu wa kutoa sababu? Nimepanga sauti nne zinazokutana kila siku kwenye kesi za jinai: Wakili wa Serikali, Wakili wa Utetezi, afande mstaafu wa upelelezi, na mama aliyeumiziwa mtoto. Sauti hizo nimezitunga. Sheria, kesi na miaka inayotajwa humu si ya kutunga.

Kesi ni ya nani?

MAMA: Nianze mimi, maana ndimi niliyeumizwa. Mwanangu alivamiwa usiku, akakatwa panga. Nikaenda kituoni, nikaandikisha maelezo, nikapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, nikampeleka hospitali. Tangu siku hiyo naambiwa kesi si yangu, ni ya Jamhuri, mimi ni shahidi tu. Nikatii. Kisha siku moja nafika mahakamani, naambiwa mashtaka yameondolewa. Namuuliza karani, hajui. Namuuliza askari, hajui. Sasa nyie wasomi niambieni, ile kesi ilikuwa ya nani?

WAKILI WA SERIKALI: Pole sana, Mama. Kosa la jinai linamuumiza mtu mmoja, lakini linavunja amani ya watu wote. Kesi ingebaki mikononi mwa aliyeumizwa, mwenye fedha angeinunua, mwenye nguvu angemtisha mlalamikaji, na mwenye chuki angemshtaki jirani yake ili kumkomoa. Ndiyo maana Jamhuri inaibeba. Ibara ya 59B ya Katiba, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2005, inampa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote ya jinai. Inamtaka pia azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Kushinda kesi hakumo katika orodha hiyo. Mwendesha mashtaka anayeficha ushahidi unaomsaidia mshtakiwa ameisaliti Jamhuri anayodai kuisemea.

MAMA: Nimekuelewa, mwanangu. Lakini umenieleza kwa nini mliichukua kesi yangu. Hujanieleza kwa nini mliiacha.

WAKILI WA UTETEZI: Na hapo ndipo penye mjadala wenyewe. Ibara hiyo hiyo inasema Mkurugenzi atakuwa huru na hataingiliwa na mtu yeyote wala mamlaka yoyote. Uhuru huo nautetea. Ila kutokuingiliwa ni jambo moja na kutokuulizwa ni jambo lingine. Sisi tumeyachanganya.

Mpelelezi na mwendesha mashtaka

AFANDE: Kabla hamjafika huko, turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi, katika mahakama za chini, mashtaka yaliendeshwa na sisi Polisi. Askari wa kituo kimoja alikamata, mwenzake akapeleleza, mwingine akasimama mbele ya hakimu. Wote bosi wao mmoja. Nasema bila kificho, jalada lilipokuwa bovu, ilikuwa vigumu kwa mwendesha mashtaka kumrudishia mkubwa wake na kumwambia, afande, hapa hakuna kesi. Alilipeleka hivyo hivyo, likaanguke mahakamani.

WAKILI WA SERIKALI: Ndiyo sababu ya Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya mwaka 2008. Lengo lake kubwa lilikuwa kutenganisha mashtaka na upelelezi, ili jalada lisomwe na jicho ambalo halikushiriki kulitengeneza. Hatua ya pili ilikuja Februari 2018, Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ilipogawanywa. Mwanasheria Mkuu akabaki kuwa mshauri wa Serikali, Wakili Mkuu wa Serikali akapewa mashauri ya madai, na mashtaka ya jinai yakapata nyumba yake: Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Zanzibar ina Mkurugenzi wake wa Mashtaka chini ya Katiba ya Zanzibar. Hata TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa sheria yake ya mwaka 2007, inahitaji kibali cha DPP kabla ya kufikisha mahakamani makosa mengi ya rushwa.

AFANDE: Muundo ni mzuri kwenye karatasi. Huku chini, mpelelezi akipeleka jalada kwa Wakili wa Serikali linarudi na maelekezo: ongeza shahidi, tafuta ripoti ya Mkemia Mkuu, pata nyaraka za benki. Mafuta ya gari hana, na kesi nyingine zinamsubiri mezani. Mwezi unapita. Wananchi wanalaumu Polisi, Polisi wanalaumu mashtaka, mashtaka wanalaumu upelelezi. Zamani mkosaji alikuwa mmoja. Sasa kila ofisi inaielekezea kidole ofisi nyingine.

WAKILI WA SERIKALI: Afande, sheria inampa DPP mamlaka ya kuratibu upelelezi na kuelekeza jambo fulani lichunguzwe. Kutengana hakumaanishi kutojuana. Wakili wa Serikali anapaswa kulijua jalada mapema, tangu mtuhumiwa anapokamatwa kwenye kesi kubwa, ili asije akagundua mwaka mmoja baadaye kwamba shahidi muhimu hakuhojiwa.

WAKILI WA UTETEZI: Hapo nakubaliana na msomi mwenzangu. Mwendesha mashtaka amshauri mpelelezi tangu mwanzo, lakini ushauri wake usigeuke kuwa mapenzi kwa kesi. Siku ya kuamua, awe tayari kusema: tumefanya kazi miezi sita na ushahidi haupo, mwachieni.

Hati ya mashtaka inapotangulia hukumu

WAKILI WA UTETEZI: Sasa niingie mahali panaponiuma. Kila aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu amesikia maneno haya: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa. Na kwenye kesi ya uhujumu uchumi mshtakiwa huambiwa asijibu chochote, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake mpaka kibali cha DPP kipatikane. Hawezi kusema ndiyo, hawezi kusema hapana. Anarudishwa mahabusu.

Ongezeni hapo suala la dhamana. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataja makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine. Anayeandika hati ya mashtaka ndiye anayechagua kosa. Mtu amedaiwa kuiba fedha ofisini, kosa la wizi lina dhamana. Mwendesha mashtaka akiongeza shtaka moja la kutakatisha fedha hizo hizo, mlango wa gereza umefungwa. Hakimu hakumfungia, wala hana uwezo wa kumfungulia. Amefungiwa na mwandishi wa hati.

WAKILI WA SERIKALI: Msomi, kuna wahalifu wakubwa wanaoharibu ushahidi wakiwa nje. Bunge liliona hatari hiyo. Na mahakama imeshauangalia mpaka wa mamlaka yetu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kile kifungu kilichomwezesha DPP kuzuia dhamana kwa hati yake tu kilikuwa kinyume cha Katiba. Lakini Agosti 2020, mahakama hiyo hiyo ilitengua uamuzi wa Mahakama Kuu uliofuta kifungu cha makosa yasiyo na dhamana. Kwa hiyo kifungu hicho kipo kihalali.

WAKILI WA UTETEZI: Kipo kihalali, sibishi. Ila tazama matokeo ya maamuzi hayo mawili. DPP amenyang'anywa hati ya kuzuia dhamana, amebaki na kalamu ya kuchagua kosa lisilo na dhamana. Nguvu ni ileile, na ya pili haionekani kirahisi. Ndiyo maana nasema hati ya mashtaka ipimwe mapema. Jaji aweze kuuliza: shtaka hili la utakatishaji linasimama juu ya ushahidi gani?

AFANDE: Niongeze kwa haki. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, mashtaka yasifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ni hatua njema, inamzuia mpelelezi kukamata kwanza na kutafuta baadaye.

WAKILI WA UTETEZI: Isipokuwa kwa makosa makubwa, Afande. Yaani wale wale wasio na dhamana, ambao kusubiri kwao kunafanyika gerezani, ndio walioachwa nje ya kinga hiyo.

Kukiri na kulipa

WAKILI WA SERIKALI: Msisahau makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingia katika sheria mwaka 2019. Mshtakiwa na upande wa mashtaka wanazungumza, anakiri, pengine kosa linapunguzwa, fedha inarudi, kesi inaisha. Mahakama haishiriki mazungumzo, lakini lazima ijiridhishe kwamba mtu amekubali kwa hiari yake. Uhaini, ugaidi na baadhi ya makosa ya kujamiiana hayaguswi. Nchi nyingi zina utaratibu huu, na unaokoa muda wa mashahidi.

WAKILI WA UTETEZI: Hiari inapimwa kwa hali aliyomo mtu. Septemba 2019, kabla utaratibu haujazoeleka, Rais Magufuli alitoa siku saba kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kutubu na kurudisha fedha. Mwisho wa mwezi huo DPP alimpelekea taarifa ya watuhumiwa 467 walioomba, wakiahidi kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Miongoni mwao walikuwemo wezi, sina shaka. Nauliza jambo moja tu: mtu aliyekaa mahabusu bila dhamana, upelelezi haujakamilika, anapoambiwa kiri ulipe utoke, tutamtambuaje aliyekiri kwa sababu alitenda na aliyekiri kwa sababu amechoka?

MAMA: Na nyumbani ana watoto.

WAKILI WA UTETEZI: Na nyumbani ana watoto, Mama. Tazameni pia nani aliyefungua mlango ule. Alikuwa Rais, kwa nia ya huruma. Lakini Katiba inasema mamlaka hayo ni ya DPP peke yake. Mkuu wa nchi akitangaza siku za kukiri, hata kwa wema, mwananchi anajifunza kwamba ufunguo wa kesi uko Ikulu.

WAKILI WA SERIKALI: Rais alishauri, na DPP ndiye aliyetekeleza kwa sheria iliyokuwepo. Hata hivyo nakubali kwamba uhuru wa ofisi hii lazima pia uonekane, maana mwananchi huamini kile anachokiona.

Kesi inapoondolewa

MAMA: Turudi kwenye swali langu. Mashtaka yakiondolewa, mnasemaje?

WAKILI WA SERIKALI: Tunasema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na kesi. Sheria haimlazimishi kueleza zaidi. Sababu zinaweza kuwa nyingi: shahidi amefariki, shahidi ametishwa, ushahidi umepungua nguvu, maslahi ya umma hayadai tena kesi hiyo.

WAKILI WA UTETEZI: Chukueni mfano unaojulikana na wote. Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa pamoja na wenzake watatu kwa makosa yanayohusu ugaidi. Februari 18, 2022, Mahakama Kuu ilisema wana kesi ya kujibu. Machi 4 mwaka huo huo, DPP akasema hana nia ya kuendelea. Waliomwona hana hatia hawakuambiwa kwa nini aliwekwa ndani zaidi ya miezi saba. Waliomwona ana hatia hawakuambiwa kwa nini ameachiwa. Na Juni 2021, viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walitoka mahabusu kwa njia hiyo hiyo baada ya miaka mingi ya kusubiri kesi. Kuondoa mashtaka kuliwatoa gerezani, ndiyo, lakini hakukuwa hukumu ya kuwasafisha. Uamuzi ukikosa sababu, kila mtu anajaza sababu yake. Hapo ndipo uvumi unapochukua nafasi ya sheria.

WAKILI WA SERIKALI: Fikiria na upande wa pili. Nikitangaza kwamba ushahidi haukutosha, nimemwachia mtu huyo doa la kudumu: watu watasema alifanya, ila hakukamatika. Nikisema shahidi ameogopa, nimemwonyesha adui yake kwamba vitisho vinafanya kazi. Sababu zina madhara.

WAKILI WA UTETEZI: Hoja yako ina uzito, na ina dawa. Sababu zitolewe kwa mahakama. Zile za hatari, jaji azipokee faraghani. Mlalamikaji apewe maelezo mafupi kwa maandishi. Hatuombi kila kitu kiwekwe gazetini. Kenya wameshaliandika hilo katika Katiba yao ya mwaka 2010: DPP hawezi kuondoa mashtaka bila ruhusa ya mahakama.

AFANDE: Na Kenya wamepona? Novemba 2022 kesi ya mabilioni ya shilingi za Kenya dhidi ya Rigathi Gachagua, akiwa ameshakuwa Naibu Rais, iliondolewa na mahakama ikaridhia. Ruhusa ya mahakama haikuzuia kitu.

WAKILI WA UTETEZI: Haikuzuia, Afande. Lakini ombi lilipita mbele ya hakimu, likaeleza kwamba ushahidi haukutosha, na Wakenya wakapata cha kupima na kuhoji. Ruhusa ya mahakama haimgeuzi mtu kuwa mwadilifu. Inamlazimisha aseme sababu yake mbele ya watu, na hilo peke yake linamfanya afikiri mara mbili.

Aliyemteua

MAMA: Huyo DPP huteuliwa na nani?

WAKILI WA SERIKALI: Na Rais, kutoka kwa watu wenye sifa za kisheria kwa muda usiopungua miaka kumi mfululizo.

WAKILI WA UTETEZI: Na ibara ya 59B haitaji Bunge kumthibitisha, wala haitaji muda maalumu wa kushika nafasi hiyo. Kenya DPP anapendekezwa, Bunge la Taifa linamwidhinisha, anatumikia miaka minane isiyorudiwa, na kumwondoa kunapitia utaratibu mrefu wenye baraza la uchunguzi.

WAKILI WA SERIKALI: Hata hapo pana ufa. Noordin Haji aliteuliwa kuwa DPP wa Kenya mwaka 2018, na mwaka 2023, kabla miaka minane haijaisha, akahamishiwa uongozi wa idara ya ujasusi. Huku kwetu, Biswalo Mganga alitoka kwenye nafasi ya DPP mwaka 2021 na kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Sisemi yeyote kati yao alifanya kosa. Nasema muda maalumu peke yake hautoshi kama cheo kinachofuata kiko mkononi mwa aliyekuteua.

WAKILI WA UTETEZI: Umenipa hoja ambayo sikuwa nayo, msomi. Basi iongezwe: anayetoka kwenye ofisi hiyo akae kando kwa muda kabla ya kupewa uteuzi mwingine.

AFANDE: Na mimi naomba moja. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliundwa mwaka 2023, na ikapendekeza chombo cha kitaifa cha upelelezi kinachojitegemea. Mkimpa mwendesha mashtaka uhuru na mkamwacha mpelelezi bila fedha wala kinga, mmejenga nyumba bila msingi. Hati nzuri haiandikwi kutokana na jalada bovu.

MAMA: Langu ni dogo. Nikifika mahakamani, awepo mtu mwenye jina na kazi ya kuniambia: Mama, kesi imefika hapa, au, Mama, kesi imeishia hapa kwa sababu hii. Nikijua, nitaumia, lakini sitamdhania mtu nisiyemjua kwamba amekula rushwa.

Uamuzi wa mjadala

Pande zote zimekubaliana juu ya jambo kubwa kuliko zilivyotofautiana. Hakuna aliyetaka mashtaka yarudi Polisi. Hakuna aliyetaka Mkurugenzi wa Mashtaka apokee amri kutoka kwa mwanasiasa, tajiri au umati wenye hasira. Safari tuliyoanza mwaka 2005 kwenye Katiba, tukaiendeleza mwaka 2008 kwa sheria na mwaka 2018 kwa ofisi inayojitegemea, ilikuwa safari sahihi.

Haijafika mwisho. Tumemwondoa mwendesha mashtaka chini ya mkono wa wengine, lakini hatujamweka mbele ya macho ya yeyote. Mamlaka ya kuchagua kosa yanaweza kumnyima mtu uhuru kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mamlaka ya kuondoa kesi yanaweza kumnyima aliyeumizwa jibu la maisha yake. Mamlaka yenye uzito huo hayawezi kutumika kwa sentensi moja isiyo na sababu, hata kama anayeyatumia ni mtu mwadilifu. Sheria haiandikwi kwa kumtegemea mwadilifu aliyepo. Inaandikwa kwa ajili ya yule atakayekuja baada yake.

Wabunge wana mambo manne ya kufanya, na yote yanawezekana. Kuondoa mashtaka kuhitaji ruhusa ya mahakama, sababu zikitolewa hadharani au faraghani kulingana na hatari iliyopo. Kila shtaka lisilo na dhamana lipimwe na jaji mapema, aone kama lina ushahidi wa kulisimamisha. Mkurugenzi wa Mashtaka athibitishwe na Bunge, apewe muda mmoja maalumu, na azuiwe kupokea uteuzi mwingine mara tu anapotoka. Na mlalamikaji awe na haki, kwa maandishi, ya kujua kesi yake imefikia wapi na kwa nini imeishia hapo.

Kwako wewe msomaji: siku utakaposikia mwanasiasa unayempenda au kumchukia ameshtakiwa au ameachiwa, usiishie kushangilia wala kulaani. Uliza sababu, na umwulize mbunge wako kwa nini sheria haimlazimishi mtu yeyote kukujibu. Kesi inaendeshwa kwa jina la Jamhuri, na Jamhuri ni wewe.